Waulize Mafundi: Skrini Inayovuta Macho

SWALI: Toyota yangu nimeifungia redio ya Android yenye skrini ya inchi 9. Tangu siku hiyo vitufe vya usukani vimekufa. Hata kupunguza sauti ni lazima niguse skrini, na mara mbili nimenusurika kugonga gari la mbele Thika Road. Je, ni suala la kuzoea tu? – Msomaji, Kahawa West

JIBU: Usizoee, ndugu msomaji. Kitufe unakipata kwa kupapasa, lakini skrini ni laini kote, hivyo kila mguso unadai jicho. Gari likiruka tuta kidole hukosea, na jicho hurudi tena. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde 2 za kutazama skrini ni mita 44 ulizokwenda bila kuona mbele.

Vitufe vyako huenda ni vizima, ila havikuunganishwa. Mwambie fundi atenganishe betri, kisha atafute nyaya za usukani nyuma ya redio: SW1 ya gari (hubeba ishara za vitufe) iende KEY1 ya redio, SW2 iende KEY2, SWG (waya wa ardhi wa vitufe hivyo) iende kwenye bodi ya gari. Baada ya hapo, gari likiwa limesimama, fungua mipangilio ya usukani kwenye redio, shikilia kitufe kimoja, chagua kazi yake, hifadhi, nenda kinachofuata. Kitufe kikifanya kazi ya jirani yake, kagua kwanza kiungo cha SWG. Redio hutambua vitufe kwa ukinzani wa umeme, na kiungo kilicholegea huuvuruga.

Akiwa bado amefungua dashibodi, mwonyeshe waya wa BRAKE. Kazi yake ni kuzuia video mpaka uvute breki ya mkono. Mafundi wengi huuunga kwenye bodi ili video icheze safarini, na wateja wengine huomba hivyo. Sisi tunasema urudishwe kwenye swichi ya breki ya mkono, hata kama watoto watanung'unika. Waya wa ILL nao uungwe kwenye taa, la sivyo usiku skrini itakuumiza macho kwa mwanga wa mchana.

SWALI: Nanunua gari. Nichague lile ambalo kila kitu kiko kwenye skrini? – Msomaji, Rongai

JIBU: Hapana, ukiwa na hiari. Mwaka 2022 jarida la Uswidi Vi Bilägare lilipima muda ambao dereva huchukua kukamilisha kazi nne kwa vitufe au skrini, gari likienda kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo V70 ya 2005, yenye vitufe, kazi hizo zilimalizika kwa sekunde 10. Gari la mwisho, la skrini, lilichukua sekunde 44.6. Kabla ya kulipa, kaa kwenye kiti cha dereva gari likiwa limesimama, tazama mbele, ujaribu kuwasha wipa, taa za hatari na hewa ya kufuta ukungu kiooni. Ukilazimika kutazama chini kutafuta hiyo hewa, fikiria asubuhi ya Julai ukipanda Limuru.