Riwaya ikiishia kwenye ndoto, anza na mwotaji

Wasomaji wengi wakikuta riwaya imeishia kwenye ndoto huanza kuuliza: moto maana yake nini? Farasi je? Theluji je? Mimi nashauri uanze na mwotaji: ni nani huyu, na ana mzigo gani moyoni anapokwenda kulala. Nililisisitiza sana hili kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Moshi tulipofika mwisho wa No Country for Old Men, riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2005.

Kwa ambaye hajaisoma: ni Texas, mwaka 1980, karibu na mpaka wa Mexico. Mtu anaokota mkoba wenye zaidi ya dola milioni mbili katikati ya maiti za wafanyabiashara wa dawa za kulevya, na mauaji yanafuata. Sherifu Ed Tom Bell anajitahidi, kila mara anachelewa, na mwishowe anaacha kazi. Muuaji hakamatwi. Ndipo Bell anasimulia ndoto mbili alizoota kuhusu marehemu baba yake.

Ya kwanza haikumbuki vizuri: walikutana mjini, baba akampa fedha, naye anadhani alizipoteza. Ya pili anaikumbuka yote. Ni usiku, milimani, baridi kali, na chini kuna theluji. Baba anampita akiwa juu ya farasi, amejifunika blanketi, kichwa ameinamisha, hasemi neno. Amebeba moto ndani ya pembe, na pembe inang'aa kwa rangi ya mwezi. Bell anajua kwamba baba ametangulia kwenda kuwasha moto huko gizani, na kwamba akifika atamkuta. Kisha akaamka.

Dada mmoja kikundini alisema kwao marehemu akikupa kitu ndotoni hukipokei. Naiheshimu imani hiyo, ila Bell hakulelewa nayo, na kitabu hakikutupa njia ya kuifikia. Hata theluji inaweza kutupoteza. Sisi tunaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi mawingu yakifunguka na tunaiita uzuri, lakini kwa Bell ni baridi tu, ya kumfanya mtu auhitaji moto.

Nawasihi msiiruke ndoto ya kwanza kwa sababu ni fupi. Kitabu kizima watu wanakufa kwa ajili ya fedha. Hapa, mara moja tu, fedha zinatoka mkononi mwa baba, na mwana anazipoteza. Kumbuka pia alichomweleza mjomba wake Ellis: kwamba kwenye Vita Kuu ya Pili aliwaacha wenzake, na bado akavishwa nishani. Huyu ni mtu anayeamini alikabidhiwa amana akashindwa kuitunza. Ukishaliona hilo, ndoto ya pili inakuwa nzito zaidi.

Kisha rudi nyuma kidogo. Kabla ya ndoto Bell anakumbuka hori la maji lililochongwa kwenye jiwe, na anajiuliza aliyelichonga kwa nyundo na patasi alikuwa anaamini nini. Hori na moto visomwe pamoja. Vyote ni kazi inayofanywa kwa ajili ya atakayekuja nyuma.

Hapo mzee mmoja wa Marangu akatusaidia kuliko wote. Alisimulia jinsi walivyokuwa wakitumwa utotoni kuomba moto kwa jirani: kaa jekundu juu ya kigae, limefunikwa jivu, unatembea upesi kwenye manyunyu ya Julai huku umeinama ulikinge, maana likizimika unarudi ulikotoka. Nikamwelewa baba yake Bell, kwa nini kichwa kiko chini na kwa nini hasemi. Bell mwenyewe anasema moto ulibebwa kama watu wa zamani walivyoubeba, kwa hiyo kumbukumbu ya mzee ilikuwa na mlango wa kuingilia.

Njia hii haifai kila riwaya. Kwenye Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ndoto na kuwa macho vimechanganyika kiasi kwamba huoni mtu alipolala wala alipoamka, hivyo inataka usomaji mwingine kabisa.

Tulibishana zaidi juu ya yale maneno ya mwisho. Wapo wanaosema kuamka kunafuta kila kitu, moto haupo. Mimi sikubali. Bell anaisimulia ndoto akiwa ameshaamka, ameshaacha kazi, ameshawaona wafu wote wa kitabu kile, na bado hiyo ndiyo anayochagua kutuambia mwisho. Anayesema ni kukata tamaa anieleze basi lile hori la jiwe linafanya nini pale.