Bosi amekataa miezi mitatu ya kuandika mfumo upya: anzia panapouma

Mkuu, umeuliza ufanyeje kwa kuwa bosi amekunyima miezi mitatu ya kuandika mfumo upya. Ushauri wangu: usiiombe tena. Deni la msimbo, yaani kasoro zilizoachwa kwenye maandishi ya programu ili zirekebishwe baadaye, halina uzito mmoja kila mahali. Kuna linalotoza riba, yaani linalokupotezea muda, kila wiki, na kuna lililolala kwenye faili ambalo halijaguswa miaka. Hilo la pili liache, hata kama linakukera.

Machi 2020 nilikuwa kwenye timu ya mfumo wa mauzo ya maduka Nairobi. Tarehe 25 Rais Kenyatta akatangaza VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na mwanzo ni tarehe 1 Aprili. Wiki moja tu! Kiwango kilikuwa kimeandikwa ndani ya msimbo wenyewe: huku 0.16, kule 1.16, kwenye ripoti wanagawanya kwa 116. Zote tulizipata kwa kutafuta, isipokuwa 0.862. Hiyo ni 1 gawanya kwa 1.16, mtu alipiga hesabu pembeni akabandika jibu. Na kubadili namba hakukutosha. Aliyenunua Machi akirudisha bidhaa Aprili, hesabu yake ni ya 16. Ripoti ya Februari nayo isiguswe.

Mfumo mzima ulihitaji kusafishwa, lakini tulisafisha hapo tu. Tuliweka jedwali la viwango, kila kiwango na tarehe yake ya kuanza, na kila mstari wa ankara ukatunza kiwango chake. Kabla ya hapo tuliandika majaribio, programu ndogo za kukagua hesabu zenyewe, kwa risiti halisi za zamani, yalingane hadi senti ya mwisho. Hatua hii usiiruke, tafadhali. VAT iliporudi 16 tarehe 1 Januari 2021, kazi yetu ilikuwa kuongeza mstari mmoja kwenye jedwali.

Kwako, fungua historia ya Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, uone mafaili yanayobadilishwa mara kwa mara, kisha uyalinganishe na malalamiko ya wateja. Yanayotokea pande zote mbili ndiyo ya kuanza nayo. Bosi usimwambie habari za usafi wa msimbo. Mwambie kila badiliko la bei linakula wiki nzima, na ukipewa siku nne litakuwa la saa chache. Usafi mwingine uhesabu ndani ya makadirio ya kila kazi mpya inayogusa faili hilo.

Je, sehemu ya malipo ina majaribio yoyote kwa sasa? Kama haina, hapo ndipo siku zako za kwanza ziende.