Omeprazoli uliyoisaga haijafika kazini

SWALI: Habari daktari. Nina vidonda vya tumbo na nilipewa omeprazoli ya miligramu 20. Kapsuli hunikwama kooni, kwa hiyo naifungua, nazisaga zile punje kwa kijiko na kuzikoroga kwenye maziwa ya moto ili zishike kidonda haraka. Hii ni wiki ya tatu na kiungulia kiko palepale. Kuna mtu anauza matone huku mjini, anasema ni dawa ya “nano” inayoenda moja kwa moja kwenye kidonda bila kugusa mahali pengine. Anataka shilingi 3,500. Ninunue?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Usinunue. Dawa uliyo nayo haijashindwa, bado hujaitumia. Wiki hizi zote umekuwa ukinywa mabaki yake.

Wengi hudhani omeprazoli ni kama mafuta ya kupaka: inashuka, inatua juu ya kidonda, inakifunika. Haifanyi hivyo hata kidogo. Ikikutana na asidi ya tumbo bila kinga, huharibika ndani ya dakika chache. Ndiyo maana kila punje imevishwa utando unaostahimili asidi na kuyeyuka pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ikifika kama 5.5, yaani punje zikishavuka tumbo na kuingia utumbo mwembamba. Hapo ndipo dawa hufyonzwa, ikaingia kwenye damu, ikapita ini, ikazunguka mwili mzima, kisha ikarudi kwenye ukuta wa tumbo kwa mlango wa nyuma.

Huko inajikusanya kwa sababu ya kemia yake. Ni besi dhaifu (besi ni kinyume cha asidi). Ikiingia kwenye vijifereji vya seli zinazotengeneza asidi, mahali ambapo pH ni karibu 1, hupata chaji ya umeme na kushindwa kupenya tena kutoka. Imenaswa. Kisha asidi hiyohiyo, ambayo ingeiua ikipitia mbele, huigeuza kuwa umbo linaloing'ang'ania pampu ya asidi na kuizima. Nusu ya dawa huondoka kwenye damu kwa saa moja hivi, lakini pampu iliyozimwa hubaki imezimwa mpaka mwili utengeneze nyingine. Kwa hiyo kapsuli moja kwa siku huwatosha wengi.

Sasa rudi kwenye kijiko chako. Kwa kusaga umevunja utando. Na hata usingesaga, maziwa yana pH ya zaidi ya 6, kwa hiyo yangeuyeyusha utando huo ndani ya kikombe.

Fungua kapsuli, mwaga punje kwenye juisi ya machungwa au ya maembe isiyo moto (maji baridi nusu glasi pia yanafaa, soda haifai), meza bila kutafuna ndani ya dakika 30, kisha suuza glasi kwa maji na unywe hayo pia. Fanya hivyo dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi, kwa sababu dawa huzima pampu zinazofanya kazi tu, na chakula ndicho kinachoziamsha. Subiri siku 4 au 5 kabla ya kuilaumu. Wiki mbili zikipita bila nafuu, omba kipimo cha H. pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, lakini omeprazoli isimame siku 14 kabla ya kupima choo, la sivyo majibu yanaweza kutoka safi ilhali bakteria yupo. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, nenda hospitali leo.

Kuhusu hiyo “nano”. Ipo ya kweli, na ndiyo maana matapeli wanalipenda neno hilo. Dawa ya amfoterisini B hufungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo kuliko nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kutibu kala-azar, ugonjwa unaojulikana sana Baringo na Pokot Magharibi. Vimelea vyake hujificha ndani ya seli za kinga kwenye wengu, ini na uboho, na seli hizo zina tabia ya kumeza vitone kama hivyo, basi zinajipelekea dawa zenyewe. Lakini hutolewa kwa dripu, hospitalini, na bado figo za mgonjwa hupimwa kwa sababu sehemu ya dawa hufika huko pia. Ukinywa vitone hivyo kwa mdomo, nyongo na vimeng'enya vitavivunja kama mafuta ya chapati.

“Bila kugusa mahali pengine” ni maneno ya mwuzaji. Wapo wanaoomba sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, matakoni “isiharibu tumbo”. Inaharibu vilevile, maana kupitia damu inapunguza prostaglandini, kemikali za mwili zinazoulinda ukuta wa tumbo. (Kama nawe unaichoma kwa ajili ya mgongo, huenda kidonda chako kilianzia hapo.) Kulenga kwa kweli mara nyingi hakuna fahari: salbutamoli, dawa ya pumu, ya kuvuta kwa mdomo hutoa mikrogramu 100 kwa mpulizo, kidonge chake kina miligramu 4, mara 40 zaidi, na bado watu huogopa ile ya kuvuta.

Na mnaosagia wazee dawa kwenye uji, geuzeni pakiti kwanza mtafute herufi EC (dawa yenye utando wa kustahimili asidi), SR, XR au MR (dawa inayotoka polepole). Zikiwepo, msisage, rudini kwa mfamasia awatafutie aina nyingine. Nifedipini ya SR, dawa ya presha, ikisagwa humwaga dozi ya saa 12 kwa mkupuo mmoja. Presha inaporomoka, mzee anaanguka bafuni, na nyumbani wanasema ni uzee.