Nililipiza kwa baba aliyetutelekeza: jibu langu kwa dada anayeuliza kama achangie matibabu

Dada mleta mada, nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kuamua kuandika. Umeeleza kwamba baba yenu aliwatelekeza ukiwa darasa la pili, kwamba sasa amerudi akiwa mgonjwa, kwamba shangazi zako wanakudai mchango wa matibabu kwa hoja kuwa baba ni baba, na kwamba moyoni unatamani kumwacha ahangaike kama mlivyohangaika ninyi. Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika kati ya wanaosema samehe na wanaosema avune alichopanda. Mimi nililipiza, na kwa kuwa sijaona hapa mtu aliyelipiza kweli akasimulia kesho yake ilikuwaje, naomba uvumilie urefu wa maelezo yangu.

Sisi ni watu wa Same, upande wa milimani kunakolimwa tangawizi. Mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa na mdogo wetu wa mwisho akiwa bado ananyonya, baba aliaga kwamba anakwenda Mererani kutafuta tanzanaiti. Kwa wasioufahamu utaratibu wa kule, wanaapolo, yaani wachimbaji wa mashimoni, wengi walikuwa hawalipwi mshahara. Mwenye shimo aliwapa chakula, nao wakasubiri mgawo siku shimo likitema mawe, na wako waliosubiri miaka mingi wakaondoka mikono mitupu. Ndiyo maana mwaka wa kwanza, alipokuwa haleti chochote, hatukumlaumu. Kisha ikaja Aprili 1998, katika zile mvua za El Nino, maji yakaingia mashimoni na kuua makumi ya wachimbaji. Baba mdogo alikwenda kumtafuta kaka yake, akakaa siku sita, akarudi na habari kwamba jina la baba linatajwa miongoni mwa waliokuwa chini. Tuliweka matanga bila kaburi. Mama alivaa nguo nyeusi mwaka mzima.

Mwaka 2005, nikiwa kidato cha pili, mnunuzi mmoja wa tangawizi aliyekuwa akimfahamu baba vizuri alikuja nyumbani jioni, akasita mlangoni, kisha akasema kwamba amemwona kwenye stendi ya mji mmoja wa upande wa Arusha, akiwa mzima wa afya, amemshika mkono mtoto wa kike wa kama miaka miwili. Mama alikuwa anachambua maharage ya makande. Aliendelea kuchambua. Baada ya kimya kirefu aliuliza jambo moja tu, kwamba yule mtoto alikuwa amevaa viatu au hakuvaa.

Usiku ule ndipo nilipoanza kuandika daftari. Niliandika kila kitu nilichoweza kukumbuka tangu 1996: sare, michango ya shule, unga tuliokopa na tarehe tuliyoulipa, kiroba cha tangawizi ambacho mama alikishusha kwa kichwa hadi gulioni akiwa na homa, siku alipompigia magoti jirani ili apate nauli ya kumpeleka mdogo wangu hospitali, siku alipofua nguo za watu ili tule. Nilipoajiriwa mjini Moshi kuwa karani wa hesabu, nililihamishia lote kwenye kaunta buku, nikapiga mistari ya tarehe, maelezo na kiasi, na naona haya kusema kwamba niliweka hata riba. Kwa miaka kumi na miwili daftari hilo lilikuwa ndilo dini yangu. Nilikataa kumposa binti niliyempenda kwa sababu posa ingehitaji mtu wa kusimama mahali pa baba, nami sikutaka mtu yeyote asimame pale, kwa maana mahali pale nilikuwa nimepaweka pawe patupu ili siku moja nipaoneshe.

Siku hiyo ilifika Agosti 2017. Baba mdogo alipiga simu akasema, "Kaka yangu wa matanga amefufuka." Ni mtu wa utani hata penye machungu. Baba alikuwa amerudi, amekonda, anakohoa usiku kucha, ameongozana na yule binti aliyeonekana stendi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne. Mama wa binti alikuwa ameondoka zamani. Ukoo uliitisha kikao Jumamosi ili tugawane gharama. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi na daftari mkobani.

Nilisoma kwa muda wa kama dakika arobaini, nimesimama, mbele ya wazee, mashangazi, wake wa baba wadogo na watoto waliochungulia dirishani. Nilisoma kama msomaji wa taarifa ya fedha, bila kupaza sauti, kwa kuwa nilitaka aone kwamba sina hasira bali nina ushahidi. Nilipomaliza, nilimtazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu: kwamba atakana, atalia, atalaumu shetani, atalaumu mama. Alikohoa kwanza, akafuta mdomo, akasema: "Hujaandika mbuzi wawili wa mama yako niliowauza kupata nauli. Aliambiwa wameibwa."

Sina namna nzuri ya kueleza jinsi maneno yale yalivyonimaliza. Mtu uliyemwandalia vita miaka kumi na miwili anakusaidia kuhesabu risasi. Nilikaa chini. Na nilipogeuka kumtafuta mama, ili angalau yeye anitazame kwa fahari, kiti chake kilikuwa kitupu.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu kwako, dada. Mama hakuondoka kwa ajili ya baba. Aliondoka kwa sababu mimi, mwanawe wa kwanza, nilisimama mbele ya mawifi zake nikawatangazia siku aliyopiga magoti, siku aliyofua nguo za watu, siku aliyokopa unga, yaani mambo yote ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa ameyaficha kwa ustadi ili aweze kupita kijijini kichwa kikiwa juu. Deni nililokwenda kulidai halikuwa langu peke yangu. Sehemu kubwa lilikuwa lake, na hakuwa amenituma. Hakusema nami kwa miezi miwili. Nilipiga simu, akapokea mdogo wangu. Nilituma fedha, zikarudishwa. Kwa hiyo mtu pekee niliyefanikiwa kumwadhibu ni yule niliyedhani namtetea, pamoja na yule binti, ambaye alisikiliza dakika zote arobaini akiwa amekaa karibu na mlango na ndala zake zimepangwa vizuri pembeni. Hakuna hata mstari mmoja wa daftari uliomhusu, lakini kila mstari ulimwangukia yeye.

Kuhusu matibabu, nitakueleza kwa kifupi kwa kuwa upande huu si mgumu kama watu wanavyoufanya. Baba alikutwa na kifua kikuu juu ya mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na vumbi la mawe, maradhi ya miaka mingi ya kuchoronga bila maji wala kinga. Alipelekwa Kibong'oto, hospitali inayofahamika tangu zamani kwa magonjwa ya kifua. Dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, na kwake zilikuwa za miezi sita. Kinachotafuna fedha ni nauli, chakula kizuri na mtu wa kumsimamia ameze kila siku. Kifua kikuu kilipona. Vumbi haliponi. Ukitakiwa mchango, uliza kwanza ni wa nini hasa na uone cheti, kwa maana katika familia zetu ugonjwa wa mtu mmoja huwa fursa ya wengine.

Nilitoa mchango, lakini nilikataa jambo moja ambalo wazee walilitaka sana, nalo ni baba kurudishwa nyumbani kwa mama. Walisema wao bado ni mke na mume, walifunga ndoa kanisani. Mama, kupitia mdogo wangu, alijibu kwamba hana mgonjwa. Nikawaambia wazee kwamba kumtunza ni jukumu langu kwa hiari yangu, ila nyumba ile ni jasho la mtu mwingine. Akalazwa kwa baba mdogo. Ninakuomba, dada, usiruhusu mambo haya mawili yaunganishwe na mtu yeyote: kumnunulia mtu dawa si kumfungulia mlango wa mama yako.

Kupona kwangu hakukuja siku moja, wala sikumbuki kama nilitamka neno nimekusamehe. Ninachokumbuka ni Aprili 2018. Redio ilikuwa inatangaza uzinduzi wa ule ukuta wa Mererani wa kilomita 24.5, nasi tumekaa uani kwa baba mdogo, baba amejifunika shuka. Akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Alisema kwamba siku ya mafuriko alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, na mwenzake hakutoka. Watu walipohesabu waliopotea, wakalitaja jina lake, naye alikuwa amesimama nyuma ya umati. "Niliposikia naitwa marehemu," alisema, "nikaona mzigo wote umenitoka mgongoni. Nikanyamaza. Nilisema nitajitokeza kesho."

Ni hayo tu. Miaka yote ile nilikuwa nimetafuta sababu kubwa, kwamba labda hatukupendwa, labda mama alimkosea, labda mimi. Kumbe palikuwa na mtu aliyeshindwa maisha, akaona aibu kurudi bila jiwe, akapata mahali pa kujificha, na kesho ikawa miaka kumi na tisa. Nilikasirika upya kwa siku kadhaa, kwa kuwa sababu ndogo huudhi kuliko kubwa. Halafu hasira ikakosa pa kushika. Nilianza kulala usiku.

Kwa mama niliomba radhi vibaya mara mbili kabla ya kuomba vizuri. Mara ya kwanza nilieleza nia yangu ilivyokuwa njema. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu nilimpelekea lile daftari nikamwambia ni lake, afanye apendavyo, kisha nikanyamaza. Nilitarajia alichome, lakini hakulichoma. Alichana kurasa zilizoandikwa, na zilizobaki tupu anaandikia mauzo ya tangawizi mpaka leo.

Jambo moja la kisheria, kwa kuwa umetaja kwamba mdogo wako wa kiume ana miaka kumi na tano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake hata kama hawaishi naye, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka kumi na minane. Kwa hiyo kama baba yenu ana shamba, pensheni au chochote, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu ukamdaie mdogo wako matunzo yake. Hicho si kisasi. Natamani mtu angemwambia mama hivyo mwaka 2005, badala ya kila mtu kumwambia amwachie Mungu.

Baba alifariki mwaka 2021. Binti yake, dada yangu, alikuwa anamaliza kidato cha nne. Shule ilikuwa haidai ada, lakini mahitaji mengine nilikuwa nimeyachukua mimi, na mke wangu, yule yule niliyechelewa kumposa, alikuwa akimtumia taulo za kike na sabuni bila hata kunishirikisha. Siku ya mazishi wazee waliweka mkeka mbele kwa ajili ya mjane, wakamtuma shangazi kumwita mama aje akalie. Mama alikuwa jikoni na akina mama wengine, mikono imejaa unga.

"Waambieni sina msiba," alisema. "Wangu niliumaliza mwaka 1998."

Kisha akamwita yule binti, aliyekuwa amesimama peke yake kando ya migomba, akampa mwiko, akamwambia makande yanaungua.