Anayetumwa dirishani ndiye anayepima usiku

Swali la gazeti lenu la wiki hii, "Je, ndugu aruhusiwe kumchukulia mgonjwa dawa zinazodhibitiwa, au mgonjwa afike mwenyewe?", nimelisoma nikacheka kwa hasira. Afike mwenyewe vipi? Mtu anayehitaji mofini, ile dawa kali ya maumivu, ni mtu ambaye kumgeuza tu kitandani ni kazi ya watu wawili, sasa huyo mnataka apange foleni dirishani famasia, aje na godoro lake? Kwa hiyo jibu fupi ni ndio, ndugu aruhusiwe, tena bila kuzungushwa. Ningeishia hapo, ila kuna kitu hamjauliza na ndicho kinachonikera mimi: huyu anayetumwa kila mtu anamchukulia kama mbeba mfuko tu. Wakati mara nyingi ndiye huyo huyo atakayefika nyumbani afungue kizibo, apime, amnyanyue mgonjwa kichwa, ampe, aandike saa kwenye karatasi, na usiku ashtuke kusikiliza kama mtu bado anapumua vizuri. Anayetumwa dirishani ndiye nesi wa zamu ya usiku, hilo hamkuliuliza.

Na kabla sijaendelea tuelewane tunaongelea dawa gani, maana wengine wakisikia "zinazodhibitiwa" akili inakimbilia kwenye unga. Mofini imo, sawa. Lakini imo diazepamu ya kutuliza, imo methilfenideti wanayopewa watoto wenye shida ya kutulia na kumakinika, imo fenobabitoni ambayo mtoto wa kifafa anakunywa kila siku miaka na miaka. Fenobabitoni haikatwi ghafla, ukiikata ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikatike, kila mama wa mtoto wa kifafa ameshaambiwa hilo. Sasa mama huyo ukimwambia "rudi Jumatatu" ujue umemwambia nini.

Mimi langu ni la mofini. Mzee wetu alikuwa na saratani ya tezi dume, ikaingia kwenye mifupa, na maumivu ya mifupa anayajua aliyekaa karibu na mtu mwenye nayo, sitayaelezea. Alipewa mofini ya maji, mililita 5 kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku anakunywa dozi mbili kwa mpigo ili alale mpaka alfajiri. Ratiba hiyo ndiyo ilikuwa saa ya nyumba yetu, hata wageni waliijua. Na dawa hii hainywewi maumivu yakija, inanywewa kwa saa, kwa sababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni shughuli nyingine kabisa.

Ijumaa moja mchana nikaenda kuchukua chupa nyingine. Nilibeba kila kitu, cheti cha dokta chenyewe halisi maana picha ya kwenye simu hawaitaki, kitambulisho cha mzee, kitambulisho changu, na chupa ya zamani kwa sababu walishasema irudi. Dirishani kulikuwa na kijana, mpole tu wa sura. Akasoma cheti, akakigeuza nyuma, akakigeuza tena mbele. "Huyu ni nani yako?" Nikamwambia baba. "Mbona majina hayafanani?" Nikamwambia mimi natumia la mume wangu. Nyuma yangu foleni imeshaanza kutega sikio. Akasema dokta ameandika kiasi kwa tarakimu, hajaandika kwa maneno, kwa hiyo hawezi kutoa. Sehemu nyingi ndivyo ilivyo kwa dawa hizi, kiasi kinaandikwa kote kuwili ili mtu asiongeze sifuri moja njiani, na ukilifikiria kwa utulivu lina akili yake. Ila mimi sikuwa na utulivu, saa nane ilikuwa inakaribia na nyumbani dawa imeshakwisha.

Nikamwambia kijana, mdogo wangu, mpigie dokta. Akasema hilo ni jukumu la mwenye cheti. Mwenye cheti yuko kitandani! Akasema basi la mletaji. Halafu ndipo akanyanyua ile chupa tupu, akaangalia tarehe iliyobandikwa, akahesabu kwa midomo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakushusha hata kidogo: "Dada, hii ilitakiwa ifike wiki ijayo. Nani anaitumia?"

Jamani. Yule mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alisema "mpeni mama wa watu dawa aondoke", lakini dada aliyekuwa pembeni akausogeza mkoba wake, nilimuona kwa jicho la pembeni, akauhamishia bega la pili. Nilipandisha sauti. Niliyoyasema siyarudii hapa kwa sababu gazeti lenu linasomwa na watoto, ila nilimuuliza kama mama yake mzazi akilia usiku huwa anamuuliza analilia nini na kwa ruhusa ya nani. Akajibu tu, "dada, hii ni sheria ya dunia nzima, siyo yangu." Dunia nzima! Yaani mimi na mzee wangu tunapambana na dunia nzima.

Akatoka mama mmoja wa ndani, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, mkononi daftari kubwa lile la kuandikia kila chupa inayoingia na kutoka kabatini. Hakunipa pole wala hakumkemea kijana. Akanifungulia mlango wa pembeni, akanikalisha kwenye benchi, akauliza swali moja: "Nyumbani mnapimia nini?" Nikasema kijiko. "Kipi?" Kijiko, mama, kijiko cha chai cha nyumbani, kuna vijiko vingapi. Akacheka kidogo, akachukua sirinji isiyo na sindano akavuta maji mpaka 5, akamimina kwenye kijiko alichokuwa nacho hapo mezani. Hakikujaa. Akajaza sirinji tena, akaongeza, akaongeza, mpaka kikafika ukingoni, akanionyesha imebaki kiasi gani: kijiko kile kilikuwa kimekula karibu 7. Akaniambia piga hesabu. Chupa ya mililita 420, kwa mililita 30 za siku, ni wiki 2 kamili. Kwa kijiko hicho ni 42 kwa siku, yaani siku 10 imekwisha, na hakuna aliyeiba. Na mgonjwa amekuwa akinywa zaidi ya alichoandikiwa, ndio maana labda anasinzia mchana kutwa, akaniuliza anasinzia? Nikasema sana. Choo je? Hapati. Akauliza dawa ya kulainisha choo mliyopewa pamoja na mofini mnampa? Hiyo nayo ilikuwa imekaa kwenye dirisha la nyumbani imejaa vumbi, kila mtu nyumbani alidhani ni ya hiari, kumbe mofini inafunga choo kwa karibu kila mtu na haizoeleki kama usingizi unavyozoeleka.

Kwa dakika zile kumi nilifundishwa kuliko miezi yote ya kliniki. Siku za mwanzo au dozi ikipandishwa kusinzia ni kawaida, lakini ukimuita hashtuki, ukimtikisa hashtuki, pumzi zimekuwa chache na nzito, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya pini, hapo usisubiri asubuhi, mkimbize, kuna dawa inaitwa naloksoni ya kuirudisha pumzi. Haya yote alistahili kuyajua mtu wa kwanza aliyepewa chupa ya kwanza, na alipewa mfuko tu, akaambiwa saini hapa.

Halafu yule mama akauliza la pili, taratibu kabisa: "Chupa inakaa wapi, na wangapi wanajua?" Hapo nikanyamaza. Ilikuwa inakaa kwenye stuli kando ya kitanda. Nyumba yenye mgonjwa haina mlango, kila mtu anaingia kumjulia hali, wajukuu, majirani, marafiki wa mzee, marafiki wa marafiki. Na kulikuwa na ndugu mmoja, sitasema ni nani kwetu, ambaye kumgeuza mzee hakuwahi kushika hata mguu, ila siku ya kwenda kuchukua dawa ndiye wa kwanza kuvaa viatu. Mpaka leo siwezi kuapa kama pengo la kwenye chupa lilikuwa la kijiko lote au la kijiko na mkono wa mtu. Hesabu ya kijiko ilitosha, niliifanya mara nyingi usiku. Ilitosha karibu.

Dokta alipigiwa, na yule mama ndiye aliyepiga, akaja kuandika kiasi kwa maneno kwa mkono wake na kusaini, jua limeshazama. Nikasaini daftari, wakasaini wawili wao, nikaondoka mbio. Dozi ya saa nane ilipita, ya saa kumi na mbili ikachelewa, na nilivyomkuta mzee hayawahusu, ila ile "sheria ya dunia nzima" siku ile niliiwekea kinyongo.

Basi nikaenda kuisoma, nikitafuta wa kugombana naye. Ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, na mwenzake wa 1971 ndio wenye akina diazepamu na fenobabitoni. Na hapa ndipo niliposhangaa: ule wa 1961 mwanzoni kabisa, kabla hata haujaanza kukataza, unasema matumizi ya dawa hizi kwa tiba hayana mbadala katika kuondoa maumivu na mateso, na kwamba lazima zipatikane kwa ajili hiyo. Ndivyo ulivyoandikwa. Mkataba mmoja una mikono miwili, wa kufunga na wa kutoa, na kila anayekaa dirishani amefundishwa vizuri mkono wa kufunga. Wanaotaka wanaweza, Uganda tangu 2004 manesi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wanaruhusiwa kuandika mofini, na mkataba ni huo huo.

Sasa nirudi kwenye swali lenu, maana naona nimelikimbia. Nilianza kwa kusema ndugu aruhusiwe bila kuzungushwa. Naandika huku naona hilo "bila kuzungushwa" haliwezi kusimama. Kwa sababu kuna jambo nilikuwa sitaki kuliandika: mzee alipofariki chupa ilibaki na zaidi ya nusu, na kabla hata matanga hayajaisha aliyekuja kuiulizia wa kwanza ni yule yule wa viatu, "nipe nikaitupe". Niliirudisha famasia mwenyewe, wakaipokea, wakaandika. Lakini nilijiuliza, kama siku zote zile angeenda yeye dirishani na kitambulisho chake safi chenye ubini wa mzee kabisa, majina yanafanana, kijana asingemuuliza hata swali moja. Mimi nisiyefanana jina ndiye niliyehojiwa.

Kwa hiyo jibu langu, lichapeni mkitaka: hapana, siyo ndugu yeyote. Undugu haujawahi kuwa ushahidi wa kitu. Awe mtu mmoja au wawili aliowataja mgonjwa mwenyewe akiwa na akili zake, jina limeandikwa kwenye faili, awe mtoto, awe jirani, awe rafiki wa kanisani au msikitini, asiye na mtu achaguliwe na wanaomhudumia. Mtu huyo akalishwe kwenye benchi siku ya kwanza na apewe sirinji ya kupimia, siyo kijiko. Na kumbukeni kuna wagonjwa ambao ndugu ndio watu wa mwisho wanaotakiwa kujua, mtu wa methadoni, dawa ya kumsaidia anayejaribu kuacha unga, mke ambaye hataki mume ajue anatibiwa nini, ukisema "ndugu aruhusiwe" kwa huyo umemuuza. Ila pia msije mkachukua hapana yangu mkaigeuza kuwa kisingizio cha kurudisha watu, najua mtajaribu.

Na maswali waulize, hata lile la "nani anaitumia" waulize, nimelikubali shingo upande. Waulizie ndani, mlango umefungwa. Na cheti kikiwa na kasoro ya dokta, mwenye simu ya dokta ni nyie wa dirishani, pigeni nyie, mletaji akae kwenye benchi asubiri na chupa ya siku mbili tatu mkononi kama sheria yenu inaruhusu, na kama hairuhusu basi hiyo ndiyo mngeiuliza kwenye swali la wiki.