Mama hataki hata kusikia harufu ya mawese

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi niko Ujiji, mama yangu ana miaka 58 ameanza kemo (dawa za saratani) hospitali ya Bugando, Mwanza, juzi karudi nyumbani baada ya dozi ya pili na toka arudi chakula hakipiti. Nampikia samaki wetu migebuka wa mawese na ugali wa muhogo, ambao ndo alikuwa anaupenda kuliko wote humu ndani, ila sahani akiiona tu anageukia ukutani. Jana katapika mara tatu. Baba anasema anadeka, nimlazimishe. Nifanyeje? Binti wa Ujiji.

JIBU: Pole mdogo wangu, na mama mpe pole nyingi. Kwanza hayo mawese yatoe jikoni kabisa kwa siku hizi za karibu na dozi, sio kupunguza. Najua hapo Ujiji nakwambia jambo gumu, lakini mtu wa kemo harufu ambayo wewe huisikii yeye inamkaba, na mawese yakishashika moto harufu inaingia mpaka kwenye shuka. Pikia uani, mama akae upande ambao upepo hauleti moshi, na chakula mpelekee kimeshapoa maana cha moto ndo kinanuka zaidi.

Migebuka mtunzie. Mtu akitapika chakula alichokuwa anakipenda anaweza kukichukia miezi na miezi, sasa usije ukamharibia. Kichefuchefu kikipungua mwanzie ya kuchemsha tu, chumvi na ndimu basi.

Na hiyo sahani. Mlima wa ugali mgonjwa anauona kama kazi ya kulima, kabla hajaonja kashachoka. Chukua kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wazee barazani, weka uji wa mchele mwepesi, vijiko vinne vitano, baada ya masaa mawili tena, akikataa ondoa bila maneno halafu rudi baadaye. Uji ukikaa tumboni siku nzima bila kutapika, ongeza kijiko cha karanga zilizosagwa laini au maziwa yaliyochemshwa, hapo anapata nguvu bila kujaza tumbo. Halafu ndo uje kwenye mtori, viazi vya kuponda, wali uliolainika, yai la kuchemsha ila liive mpaka kiini, maana kinga yake saa hizi iko chini, mabichi mabichi hapana, na matunda osha umenye.

Mama yangu mdogo wa Tabora alipokuwa kwenye hali hii alikuwa anaweka tobolwa moja, kile kiazi kitamu kilichochemshwa na kukaushwa, chini ya mto, asubuhi anatafuna kipande kabla hata hajakaa vizuri, anasema tumbo likiamka tupu ndo vurugu inaanza. Kama mama meno hayamruhusu mpe biskuti kavu.

Maji anywe katikati ya chakula na chakula, sio pamoja, yanamjaza. Chai ya tangawizi nyepesi, kipande cha barafu anyonye, na akitapika mpe ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, pakti moja kwa lita moja ya maji ya kunywa, funda moja moja. Akilalamika mdomo una ladha ya chuma mpe kijiko cha plastiki. Akimaliza kula akae, asilale chali.

Halafu angalia kwenye mfuko wa dawa, alipewa vidonge vya kichefuchefu? Wengi wanasubiri watapike ndo wameze! Vimezwe kwa saa zilizoandikwa, na kama anameza na bado anatapika hivyo wapigie kliniki, kuna dawa nyingine. Baba mwambie taratibu kwamba hiyo ni dawa inamsumbua, mama hadeki, tena mpe yeye kazi ya kupeleka hicho kikombe.

Ila joto likifika 38 usisubiri kukuche wala tarehe ya Mwanza, nenda hospitali ya karibu usiku huohuo na kadi yake ya matibabu, uwaambie yuko kwenye kemo. Hivyohivyo maji yakigoma kukaa tumboni siku nzima, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, akitapika damu au akilegea.

Na uji usiujaze sukari, wengi utamu unawakinaisha. Kama mdomoni hana vidonda kamulia ndimu matone mawili matatu uone.