Nani Ana Shida na Utafiti Wako? Maswali na Majibu

Wasomaji kadhaa mmeniandikia kuhusu jambo moja: wizi wa utafiti vyuoni, hasa ule unaofanywa na mataifa ya nje au kampuni zenye mkono wa mataifa hayo. Wengine mna hofu, wengine mnaona ni maneno ya serikali kubwa yasiyowahusu. Majina yenu nimeyaacha, nimebakiza mlipo na mnachofanya.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nasoma uzamili Morogoro na utafiti wangu ni wa mpunga unaovumilia udongo wenye chumvi. Tuliletewa semina ya kulinda utafiti dhidi ya majasusi na wengi wetu tulicheka. Jasusi ana shida gani na mpunga?

Marahaba. Shida anayo, tena kubwa. Mei 2011, katika jimbo la Iowa huko Marekani, msimamizi wa shamba la majaribio la kampuni ya Pioneer alimkuta mtu amepiga magoti akifukua mbegu za mahindi zilizokuwa zimetoka kupandwa. Mwenzake alikuwa anasubiri kwenye gari. Walipoulizwa, wakajieleza kuwa ni watu wa Chuo Kikuu cha Iowa wanaokwenda kwenye mkutano. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, wakaanza kuwafuatilia. Baadaye ilibainika kwamba mbegu zilikuwa zinakusanywa kwa ajili ya kampuni moja ya Beijing, na nyingine zilifichwa ndani ya maboksi ya bisi ili zivushwe kwenda China. Mo Hailong, mmoja wa wahusika, alikiri kosa mwaka 2016 akahukumiwa miaka 3 jela.

Na kama unataka kesi ya mpunga, ipo. Weiqiang Zhang alikuwa mtaalamu wa kuzalisha mbegu katika kampuni ya Ventria Bioscience, Kansas, iliyokuwa ikikuza mpunga unaotoa protini za kutengenezea dawa. Nyumbani kwake zilikutwa mamia ya mbegu ambazo hakuruhusiwa kuwa nazo. Wageni waliomtembelea mwaka 2013 kutoka taasisi ya utafiti wa mazao ya China walipekuliwa wakiwa njiani kurudi kwao, na mbegu zikakutwa kwenye mizigo. Aprili 2018 Zhang alihukumiwa miezi 121.

Angalia walichokuwa wanakitafuta kule Iowa. Mbegu chotara dukani kila mtu ananunua. Wao walitaka mbegu za wazazi, zile ambazo mtafiti amezichavusha na kuzichagua msimu baada ya msimu mpaka tabia anayoitaka ikatulia. Anayeiba mbegu hizo anaiba miaka ya kazi ya watu. Mpunga wako wa kuvumilia chumvi una miaka hiyo ndani yake, na maji ya bahari yanaingia mashambani katika nchi nyingi, si yetu peke yake. Kwa hiyo rudini kwenye ghala mlihesabu. Kila pakiti iandikwe imetoka lini, kwa nani na kwa ruhusa ya nani. Nimeona maghala ya mbegu ambayo ufunguo wake unaninginia ukutani na hakuna anayeuliza. Inaniuma, kwa sababu wanaofanya kazi humo wametoa ujana wao.

SWALI: Hujambo mwandishi. Mimi ni mhadhiri Nairobi. Nimepata barua pepe ya profesa wa chuo cha Ulaya anayesema amesoma makala yangu na kuipenda, akaniomba nimsaidie kupata makala nyingine kwa kiungo alichoweka. Nilipobofya, ukurasa wa maktaba yetu ukadai niingie upya. Je, ni salama?

Sijambo, Daktari. Usiandike nenosiri hapo. Kama umeshaandika, acha kusoma, libadilishe sasa hivi, kisha piga simu kitengo cha TEHAMA cha chuo chenu.

Ulichoeleza kinafanana mno na mbinu iliyomo katika mashtaka yaliyotangazwa Marekani mwezi Machi 2018 dhidi ya Wairani 9 waliohusishwa na taasisi iitwayo Mabna. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, mhadhiri alikuwa anapata barua inayoonekana imetoka kwa profesa mwenzake wa chuo kingine, inayosifu makala yake na kumpa viungo vya makala nyingine. Kiungo kilimpeleka kwenye tovuti yenye anwani inayokaribiana na ya chuo chake, na ukurasa ulimfanya aamini kwamba mfumo umemtoa kwa bahati mbaya. Akiandika nenosiri, limekwenda. Walengwa walikuwa zaidi ya maprofesa 100,000, na akaunti kama 8,000 zikaingiliwa. Vyuo vya Marekani vilikuwa 144, na vya nchi nyingine 21 vilikuwa 176. Data iliyochukuliwa ilizidi terabaiti 31: majarida, tasnifu, vitabu vya kielektroniki. Waendesha mashtaka walisema vitu hivyo vilinufaisha serikali ya Iran, na vingine viliuzwa kupitia tovuti.

Mtego huo unafanya kazi kwa sababu unagusa mahali laini. Mtafiti ambaye makala yake haijanukuliwa mwaka mzima akisikia profesa wa mbali ameipenda, moyo unafunguka. Hakuna aibu hapo. Kuanzia leo, ukitaka kuingia maktaba, andika anwani mwenyewe kwenye kivinjari badala ya kufuata kiungo cha mtu. Pia washa uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa kupokea namba kwenye simu, ili nenosiri peke yake lisimtoshe mwizi.

Wakati mwingine hata kubofya hakuhitajiki. Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilivamiwa kuanzia Novemba 2018 kwa barua pepe iliyofunguliwa tu kutazamwa, kisha ikafutwa. Hakuna aliyebofya kiungo, lakini wavamizi waliondoka na taarifa za kuingilia kwenye mfumo, na chuo hakikuwagundua hadi mwaka uliofuata. Nakipenda chuo hicho kwa jambo moja: Oktoba 2019 kilichapisha ripoti inayoeleza hatua kwa hatua jinsi kilivyoingiliwa, wengine wajifunze. Vyuo vyetu vikivamiwa hunyamaza, na chuo cha jirani kinanaswa kwa barua ileile.

SWALI: Mimi ni Mtanzania nasoma uzamivu Norway. Maabara yetu ina Mchina mmoja na Muirani mmoja. Wenzangu wananong'ona kwamba tuwe nao macho. Nifanyeje?

Ndugu yangu, usijiunge na minong'ono hiyo.

Norway hiyohiyo, Oktoba 2022, idara ya usalama PST ilimkamata mtafiti mgeni wa Chuo Kikuu cha Tromsø. Alikuwa na pasipoti ya Brazil na jina la Kibrazili, José Assis Giammaria, na kabla ya hapo alikuwa amesoma katika vyuo viwili vya Kanada. PST walimtaja kuwa ni Mikhail Mikushin, Mrusi, na Agosti 2024 alikuwa miongoni mwa waliorudishwa Urusi katika ubadilishanaji mkubwa wa wafungwa. Aliyekuwa anapima hatari ya mtu kwa nchi iliyoandikwa kwenye pasipoti asingemwona kabisa.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzisha mpango wa kupambana na ujasusi wa China, na vyuo vikawa sehemu ya uwanja wake. Gang Chen, profesa wa chuo cha teknolojia cha MIT, alikamatwa Januari 2021. Mwaka mmoja baadaye mashtaka yote yakafutwa. Anming Hu wa Chuo Kikuu cha Tennessee alishtakiwa, akapoteza kazi, baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, na Septemba 2021 jaji akamwachia huru. Katika kesi hiyo ajenti wa FBI alikiri mahakamani kwamba alitumia taarifa zisizo za kweli dhidi yake. Xi Xiaoxing wa Chuo Kikuu cha Temple yalimkuta mapema zaidi, mwaka 2015: alikamatwa nyumbani kwake, mashtaka yakaondolewa baada ya miezi michache. Februari 2022 wizara ikaufunga mpango huo, baada ya malalamiko mengi kwamba uliwafanya watafiti wa asili ya China wote waonekane washukiwa.

Hizo ni familia na maabara zilizovurugwa, na wanafunzi waliobaki bila msimamizi. Sisi Waafrika tunaijua vizuri hali ya kusimamishwa pembeni uwanja wa ndege kwa sababu ya pasipoti. Tusiwafanyie wengine.

Cha kuangalia ni mwenendo, na uangaliwe kwa kila mtu, wewe ukiwemo: anayenakili mafaili ya mradi usio wake, anayeingia maabara usiku bila sababu inayoeleweka, anayeficha nani anamlipa. Ukiona hayo, mweleze msimamizi wako au ofisi husika kile ulichokiona kwa macho. Unachokihisi kaa nacho.

SWALI: Chuo kimoja cha nje kimenipa nafasi ya profesa mgeni kwa malipo mazuri kila mwezi. Wanasema si lazima nimwambie mwajiri wangu. Ni kosa kukubali? (Mhadhiri mwandamizi, Kampala)

Kukubali si kosa. Kuficha ndiko kutakuponza, na hilo neno la "si lazima umwambie" lingenitosha mimi kusitisha mazungumzo.

Charles Lieber alikuwa mkuu wa idara ya kemia ya Harvard, mmoja wa wanakemia wakubwa duniani. Waendesha mashtaka walisema alikuwa na mkataba na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Wuhan kupitia mpango wa China wa kuvutia wataalamu, wenye malipo ya hadi dola 50,000 kwa mwezi na zaidi ya dola milioni 1.5 za kuanzisha maabara. Alikamatwa Januari 2020. Wengi wanadhani alipatikana na hatia ya ujasusi, lakini hakuwahi hata kushtakiwa kwa hilo. Makosa 6 aliyotiwa hatiani Desemba 2021 yalikuwa ya kuwadanganya maofisa wa serikali kuhusu uhusiano huo, kutoa taarifa za uongo za kodi na kutotaja akaunti ya benki ya nje. Angeuandika mkataba ule kwenye fomu zake na kulipa kodi, kesi ile isingekuwapo.

Kwa hiyo omba mkataba wote kwa maandishi, upeleke kwa mkuu wa idara, na ubaki na nakala yenye muhuri. Angalia hasa kifungu kinachosema matokeo ya kazi yako ni mali ya nani.

SWALI: Kwani elimu si ya watu wote? Ulinzi huu si utatufungia milango?

Sehemu kubwa ya utafiti inapaswa kuchapishwa na kusomwa na kila mtu. Hata serikali ya Reagan, katikati ya Vita Baridi mwaka 1985, ilitoa agizo kwamba utafiti wa msingi usiwekewe vizuizi kadiri inavyowezekana, na unaohitaji usiri upewe daraja rasmi la siri. Mimi naona ule mgawanyo bado ni sahihi. Funga vitu vichache kwa sababu inayotajwa, vilivyobaki vitoke hadharani. Aliyechapisha kwa jina lake ametoa kwa hiari. Aliyeporwa data kabla hajaichambua amenyang'anywa hata heshima ya kuwa wa kwanza.

SWALI: Mbona mnazungumzia China na Urusi tu? Huku kwetu wanaochukua huja na ruzuku na tabasamu, na tunawapigia makofi. (Fundi sanifu wa maabara, Kisumu)

Swali lako ndilo lililonikalia moyoni kuliko yote, na sehemu kubwa nakubaliana nawe.

Kenya ina mifano inayojulikana. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika kuhusu vijidudu vilivyotolewa katika maji moto ya Ziwa Bogoria na watafiti wa kigeni miaka kama kumi na zaidi nyuma. Vijidudu hivyo huishi kwenye maji yenye joto na magadi makali, na vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaingia kwenye biashara, vikiwemo vya kupausha jinzi. KWS walidai hawakuruhusu matumizi ya kibiashara. Hakuna aliyevunja mlango pale. Sampuli zilisafiri, kisha thamani ikazaliwa mbali na Baringo.

Mfano wa pili ni wa wanawake wa Majengo, Nairobi. Baadhi ya waliokuwa wakifanya biashara ya ngono walikutana na virusi vya UKIMWI mara kwa mara bila kuambukizwa, na damu yao ikawa msingi wa utafiti wa chanjo kati ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Oxford. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba upande wa Uingereza umeomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, bila kuwashirikisha wenzao wa Nairobi. Watafiti wa Kenya walipiga kelele, makubaliano yakaandikwa upya ili wawe na sehemu yao. Kelele zilisaidia, ila zingeweza kuepukwa kwa karatasi iliyoandikwa vizuri mwanzoni.

Karatasi hiyo wewe uliye maabara unaijua: mkataba wa kuhamisha sampuli, ule tunaouita MTA. Wengi huusaini kwa haraka kwa sababu ndege inaondoka na barafu inayeyuka. Ndugu yangu, barafu iyeyuke. Soma sampuli zitafanyiwa nini na nini hakiruhusiwi, zinaweza kupewa mtu wa tatu au la, zikibaki zinarudishwa au zinaharibiwa, na hataza ikipatikana nani ataandikwa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inatambua haki ya nchi kutoa idhini na kugawana faida ya rasilimali zake za kijenetiki, na vibali vya tume za sayansi na teknolojia, NACOSTI kwa Kenya au COSTECH kwa Tanzania, vipo kwa ajili hiyo pia. Na fundi ambaye jina lake haliko kwenye mkataba bado ndiye anayefunga boksi. Ukiona mirija 200 kwenye boksi na karatasi imeandika 120, usilifunge. Muite msimamizi.

SWALI: Nasafiri na kompyuta mpakato kwenda kongamano nje. Nichukue tahadhari gani?

Beba wasilisho lako na vitu vya safari tu, data ghafi iache nyumbani. Ukiazimwa kompyuta na chuo kwa safari hiyo, ni bora zaidi. Flashi unayogawiwa kwenye meza za maonyesho usiichomeke popote. Kifaa kisilale hotelini wewe ukiwa ukumbini. Ukirudi, badilisha manenosiri uliyoyatumia huko kabla hujaunganisha kompyuta na mtandao wa chuo.